Maswali ya wasomaji: Mbona wanaweka lami kwenye barabara nzuri halafu yetu yenye mashimo wanairuka?

Toleo lililopita tuliwaomba mtutumie maswali kuhusu ule mpango wa mwaka wa matengenezo ambao halmashauri ya jiji huwa inautoa, ule wenye orodha ya barabara na njia za waenda kwa miguu zitakazofanyiwa kazi. Mmetuma mengi kweli. Mengine yalikuwa matusi matupu, hayo tumeyaweka pembeni, yaliyobaki ndo haya, na mengi yanazunguka pale pale kwa hiyo nimeyaunganisha.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mtaani kwetu barabara imeoza, mashimo mpaka ukipita na gari unajua kabisa leo shokapu inakwenda. Orodha ya mwaka huu imetoka, mtaa wetu haumo, ila barabara ya pili kutoka kwetu ambayo mi naiona ni nzuri tu, ina vijinyufa vidogo, ndo inawekewa lami mpya. Hii ni akili gani, au kuna mkubwa anakaa kule? – Msomaji mwenye hasira

JIBU: Ndugu yangu, la mkubwa kukaa kule siwezi kulikataa moja kwa moja maana mambo hayo yapo, lakini kabla hujafika huko ujue kwamba hata injinia mwaminifu kuliko wote angeweza kutoa orodha hiyo hiyo.

Iko hivi. Barabara ya lami haichakai kwa mwendo mmoja. Miaka ya mwanzo unaweza kudhani haichakai kabisa, ila jua na hewa vinaikausha ile lami taratibu, inakuwa ngumu, haina tena ule unyumbufu wa kubonyea na kurudi, basi inaanza kutoa nyufa nyembamba ambazo wewe dereva huzioni hata. Mpaka hapo ugonjwa uko juu tu. Shida inaanza maji yakipata pa kuingilia, maana chini ya lami kuna tabaka la kokoto na kifusi kilichoshindiliwa na hilo ndo linabeba mzigo, likilowa linalainika, na kila tairi linalopita linayakamua yale maji yanapanda juu na udongo laini (umewahi kuona ufa barabarani una tope jeupe jeupe pembeni wakati mvua imeisha jana? ndo hiyo kazi inafanyika), chini panabaki tupu, juu panadidimia, lami inakatika vipande vidogo vidogo, mafundi wanapaita ngozi ya mamba, na toka hapo mpaka kuwa shimo ni suala la mvua chache tu.

Sasa barabara ya jirani iko kwenye nyufa, ya kwenu imeshapita ngozi ya mamba. Ya jirani inaponywa kwa kuziba nyufa na kuweka tabaka jembamba juu. Ya kwenu haiponi hivyo, ni kufumua mpaka chini na kujenga upya, na hela ya kufumua kilomita moja inaokoa kilomita kadhaa za aina ile ya jirani. Halafu kuna jambo linalouma kusikia: ya kwenu ukiitengeneza mwaka huu au mwaka ujao gharama haitofautiani sana maana imeshaharibika, ile ya jirani ukiiacha misimu miwili inakuja kujiunga na yenu na mnakuwa na barabara mbili za kufumua. Halmashauri ikifuata utaratibu wa kuanza na mbaya zaidi kila mwaka hela yote inaishia kwenye chache zilizokufa huku zilizo nzima zinakufa nyuma yake, na haitamaliza kamwe.

Wanajuaje ipi iko wapi? Wanapima. Kuna alama ya hali ya barabara inayokwenda 0 mpaka 100, ilibuniwa na wahandisi wa jeshi la Marekani miaka ya 1970, watu wanapita wanahesabu aina za nyufa, upana, mabonde, viraka, vyote vinakatwa alama. Nyingine inapima mtikisiko, yaani gari inavyorushwa, hiyo ilitokana na majaribio yaliyosimamiwa na Benki ya Dunia kule Brazil mwaka 1982. Kwa hiyo ukienda ofisini usiulize "kwa nini sisi hatumo," uliza barabara yetu ina alama ngapi, ilipimwa lini, na imepangwa mwaka gani. Wakishindwa kukujibu hayo matatu, hapo sasa hasira yako ina haki na habari ya mkubwa unaweza kuirudisha mezani.

Jambo la mwisho halafu nikuache. Kukosa kwenye orodha ya matengenezo makubwa si ruhusa ya kuwaachia mashimo. Kuna matengenezo ya kawaida (kuziba mashimo, kuzibua mitaro, kufyeka), kuna ya muda maalumu (yale makubwa ya kwenye orodha, barabara inasubiri zamu), na kuna ya sehemu korofi (kile kipande kibovu tu, si barabara nzima), na kila moja ina fungu lake. Mnachotakiwa kudai mwaka huu ni fungu la kawaida na la sehemu korofi, msidanganywe eti "subirini zamu yenu" wakati kuna shimo la kumeza mtoto.

SWALI: Kaka, wanakuja na pikapu, wanamwaga lami kwenye shimo wanaipigapiga na beleshi wanaondoka. Mvua ya kwanza shimo limerudi, tena limekuja na ndugu zake. Huu si wizi?

JIBU: Inategemea, na nitakuambia cha kuangalia ili uamue mwenyewe. Kiraka cha kudumu kinaanza kwa kukata, wanakata kingo za shimo zinyooke mpaka wafike kwenye lami nzima, wanatoa maji na tope lote, wanashindilia chini, wanapaka lami ya majimaji chini na kwenye kuta ili ishike, ndo wanajaza, shimo likiwa refu wanajaza kwa awamu, kila awamu inashindiliwa kwa mashine. Ukiona wamemwaga juu ya maji jua hakuna kitu hapo.

Angalia pia joto. Lami ya moto inatoka kiwandani ikiwa kwenye nyuzi 150 hivi za selsiasi, ikishashuka chini ya 80 hivi haishindiliki tena hata uilete rola ya aina gani, inabaki na vitundu ndani na maji yanapita humo. Ndo maana lori lake linafunikwa turubai. Likikaa juani tangu asubuhi bila turubai na mafundi wanapiga soga, ile lami ya mwisho wa siku ni ya kukujazia tu.

Ila kuwa na haki kidogo. Kile kiraka cha haraka cha msimu wa mvua, mara nyingi wanatumia lami baridi, kinawekwa watu wasife leo, na aliyekiweka anajua atarudi kiangazi kikianza. Hicho si wizi. Wizi ni pale kinapoandikwa kwenye hati kuwa ni cha kudumu.

Na kuna kitu watu hawakitazami kabisa, inua macho utoke kwenye shimo, tazama mtaro. Shimo linalorudi sehemu ile ile kila mwaka karibu kila mara lina maji yanayotokea mahali, mtaro umeziba, kalavati limejaa mchanga, au ukuta wa mtu umeelekeza maji barabarani. John McAdam yule Mskoti aliyezaliwa 1756, ambaye barabara za kokoto zilibeba jina lake, alikuwa anashikilia hili hili kwamba udongo wenyewe unabeba mzigo wowote ilimradi uwe mkavu. Karne mbili zimepita, na bado utakuta kwenye mpango lami imewekewa mafungu manono na mitaro imetajwa kwenye mstari mmoja. Mi ningekuwa mjumbe wa kamati ya barabara ningeanza kusoma mpango upande wa mitaro, huko ndo unajua kama waliouandika wana nia.

SWALI: Wamemwaga kokoto juu ya lami yetu iliyokuwa nzima wakaondoka!! Zinaruka zinapiga vioo, watoto wanaanguka na baiskeli. Walisahau kumalizia?

JIBU: Hawakusahau dada, hiyo ndo kazi yenyewe, inaitwa lami nyepesi. Wananyunyizia lami ya majimaji ikiwa ya moto, wanamwaga kokoto ndogo juu wanapitisha rola, halafu magari yenyewe yanaendelea kuzikandamiza zikae. Inaziba nyufa maji yasiingie na inarudisha msuguano tairi lisiteleze. Kwa barabara isiyo na malori mengi ni dawa nzuri na rahisi kuliko lami nzito.

Walichokosea ni kingine. Zile zinazobaki juu hazijashika zinatakiwa kufagiliwa ndani ya siku chache, na mpaka zifagiliwe kuwe na kibao cha kupunguza mwendo maana zinazovunja vioo ni zile zinazorushwa na mwenye haraka. Hakuna kibao wala mfagio? Piga simu leo. Na ukiona kokoto zinang'oka zenyewe mabaka mabaka na lami inabaki nyeusi inang'aa, hiyo imefanywa siku ya mvua au kwenye vumbi, ni ya kurudiwa kwa gharama ya mkandarasi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Njia ya waenda kwa miguu ya kwetu vitofali vimenyanyuka, mwishoni kuna kingo ndefu kiti hakishuki, na magari yamepaki juu yake, tunaishia kupita barabarani na magari. Nimesoma mpango wote, kurasa na kurasa za lami, njia za miguu wameandika "zitakarabatiwa inapobidi." Inapobidi ni lini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili swali limenikaa moyoni kuliko yote ya mwezi huu kwa hiyo uniruhusu niseme kwa urefu.

Kwanza sababu. Barabara inahesabiwa magari, njia ya miguu haihesabiwi mtu. Na hata wakihesabu, yule aliyeshindwa kupita amebaki ndani, hayumo kwenye hesabu, kwa hiyo njia mbovu inaonekana haina watu na ikionekana haina watu haipewi hela. Mama yako ndo hivyo anapotea kwenye mpango bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Pili, njia ya miguu haiharibiwi na miguu, watu waelewe. Inaharibiwa na gari linalopanda kupaki, maana chini yake hakukujengwa kubeba gari, inaharibiwa na mizizi ya miti, na mitaro ya nyaya na mabomba iliyofukiwa hovyo. Umewahi kukanyaga kitofali mvua imetoka kunyesha kikabonyea upande mmoja kikakurushia maji machafu mpaka gotini? Maana yake mchanga wa chini umeshasombwa, kitofali kiko hewani kimeegemea wenzake. Uzuri ni kwamba vitofali ni rahisi, fundi na msaidizi wanavinyanyua, wanasawazisha mchanga, wanavirudisha vile vile bila hata kununua vipya. Kwa hiyo ukiambiwa "bajeti haitoshi" kwa vitofali kumi na kitu, hiyo ni lugha tu. Ila bila kuweka nguzo au kizuizi cha magari, wakimaliza leo mwezi ujao mnarudi mlipokuwa.

Tatu, "inapobidi" haina maana mpaka iwe na kipimo. Kule Uingereza halmashauri nyingi zimeandika kabisa kwamba vitofali vikipishana kimo kuanzia milimita 20 au 25 hivi ni hatari na vinashughulikiwa. Sasa jiji lako halina lazima ya kufuata Uingereza, lakini liwe na namba yake imeandikwa, kwa sababu namba unaweza kwenda na rula ukapima, "inapobidi" utaipimaje?

Na ile kingo. Kukarabati njia bila kuweka mteremko pale pa kuvukia ni kumtengenezea mama yako njia ya kwenda kukwama. Mteremko unaokubalika sehemu nyingi ni usizidi 1 kwa 12, yaani kingo ya sentimita 10 inataka sentimita 120 za kushukia, na lazima uwe pande zote mbili za barabara, nimeshaona mahali wameweka upande mmoja tu, sijui walitaka mtu avuke halafu aelee. Wakati mnadai hilo dai pia vile vitofali vyenye vinundu vya wasioona. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake na vikawekwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, fimbo au unyayo unavitambua. Tatizo wakija kufanya matengenezo fundi asiyeelekezwa anavichanganya, anavipanga kama mapambo, nimeona mstari unamwongoza mtu moja kwa moja kwenye nguzo ya umeme.

Cha kufanya: mwombe diwani na injinia wa njia hizo watembee nanyi, wawe nyuma ya kiti cha mama, wasukume wao. Usiandike barua ndefu. Kipande kile kigumu kikimtoa mtu jasho ataelewa mwenyewe.

SWALI: Lami mpya, haijamaliza hata mwezi, watu wa maji wakaja wakaikata katikati. Hawa watu hawaongei?

JIBU: Wanatakiwa waongee. Utaratibu ni kwamba kabla lami haijawekwa, halmashauri inawaandikia wa maji, umeme, simu na wengine wote: kama mna kazi chini ya barabara hii fanyeni sasa. Baada ya hapo sehemu nyingi zinafunga barabara isichimbwe kwa muda, dharura tu ndo inaruhusiwa, sheria ya kazi za barabarani ya Uingereza ya mwaka 1991 kwa mfano inaipa mamlaka uwezo huo na inamlazimisha aliyechimba arudishe barabara kama alivyoikuta. Bomba likipasuka hata hivyo litachimbwa, huwezi kuwaacha watu bila maji kwa sababu ya lami.

Uharibifu mkubwa uko kwenye kufukia. Udongo unatakiwa urudishwe kwa matabaka, kila tabaka linashindiliwa kabla ya lingine, wao wanautupa wote kwa mpigo wanapitisha tairi la lori mara mbili juu, mvua zikija panatitia panakuwa bonde refu linalokata barabara. Ukiliona bonde hilo ripoti mapema, kazi hizi huwa na kipindi cha matazamio ambacho aliyefanya anarekebisha bila kulipwa tena. Kikipita, mnalipa nyinyi.

SWALI: Mi nina kigari kidogo, tozo nalipa kila ninapoweka mafuta. Kweli naharibu barabara kama malori?

JIBU: Hapana, hata hukaribii. Mwaka 1958 mpaka 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio Ottawa, Illinois, wakazipitishia malori mfululizo waone zinavyokufa. Walichopata ni kwamba uzito ukiongezeka mara mbili kwenye ekseli (mhimili unaoshika tairi za pande mbili) uharibifu hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara 16. Ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya tani 1 ni kama mara 10,000. Ndo ujue kwa nini lori likizidisha mzigo "kidogo tu" barabara inalia, na kwa nini njia ambayo malori yanaitumia kukwepa mizani inakufa mapema kuliko injinia alivyopanga. Kama mtaa wenu umegeuzwa njia hiyo ya panya, waambieni halmashauri, lami mpya haitasaidia mpaka malori yatoke. Jua na maji ndo havichagui, vinaharibu hata barabara isiyopitwa na mtu.

SWALI: Nina duka kando ya barabara, nimeambiwa watafunga "kwa muda". Nijiandae vipi?

JIBU: Pata tarehe kwa maandishi, uliza wanafunga upande mmoja mmoja au wote, na njia ya miguu ya kufikia mlangoni itabaki wazi upande gani, hiyo ni haki ya wateja wako hata gari zisipopita. Mzigo mkubwa pokea kabla. Mvua ikinyesha tarehe zitasogea, lami haiwekwi kwenye maji, kwa hiyo usipange kufungua upya siku ile ile waliyosema wanamaliza.

SWALI: Nimeripoti shimo hilo hilo mpaka nimechoka. Hawaji.

JIBU: Ulisema "shimo kubwa barabara kuu karibu na kona"? Basi gari lilitoka, likakuta kona nyingi likarudi. Sema jina la barabara, upande wa kwenda wapi, na kitu kisichohama kilicho mkabala, nguzo yenye namba ni nzuri kuliko vyote. Piga picha mbili, moja ya karibu kiatu kikiwa pembeni ya shimo ionekane ukubwa, usikiweke ndani, na nyingine ya mbali ionekane mahali. Andika kina chake, na kama maji yanasimama humo baada ya mvua taja, maana hiyo inabadilisha aina ya kazi wanakuja na vifaa vingine. Kama pikipiki inalazimika kuingia upande wa pili kulikwepa sema hivyo hivyo kwa maneno hayo, wanapanga kwa hatari kabla ya ukubwa. Halafu omba namba ya taarifa, ukipiga mara ya pili taja namba ile ile usifungue mpya, kila ukifungua mpya unarudi mwisho wa foleni.